Kitambaa cha Ndege

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ndege imekwisha. Miezi minane! Imekaa juu ya meza ya chumba cha nyuma, bluu tupu, mabawa yamenyooka, pua juu. Nimeizunguka mara tatu, mikono nyuma, nikitafuta kasoro. Hakuna. Mimi ni fundi wa fremu za picha, mkono wangu haupindi ovyo.

Nilipaswa kufurahi. Sifurahi hata kidogo.

Naandika hapa kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia. Mabawa ya ndege hizi za rimoti hayakai uchi. Ni vijiti vyembamba tu, na juu yake lazima uvute kitambaa chepesi, ukikaze kwa gundi, kisha upake rangi. Wenzangu wa klabu ya kurusha wanatumia plastiki inayobandikwa kwa pasi. Mimi hapana. Nilimsikia Mwenyekiti wetu akisema mafundi wa zamani walitumia hariri na kwamba mpaka leo hakuna kinachoipita. Basi, roho yangu ikataka hariri. Haikutaka kitu kingine.

Mwezi uliopita Mama Mkwe akanituma nikamtolee blanketi kwenye sanduku lake la bati. Chini ya blanketi, ndani ya karatasi ya kaki, nikaiona. Hariri nyeupe yenye maua mekundu. Haijashonwa, haijavaliwa, ina mikunjo ya miaka mingi. Nikajiambia ameshaisahau. Nikajiambia naazima tu. Mtu anaazimaje kitambaa kwa mkasi, hilo sikujiuliza.

Rangi ya kwanza ilipokauka maua yalionekana. Nikapaka ya pili. Bluu ya mageti, nzito, haina mchezo. Sasa hayaonekani. Vipande vilivyobaki nimevificha mahali ambapo hakuna atakayechungulia: nyuma ya picha ya marehemu baba mkwe, ambayo nilikuwa naitia fremu mpya. Picha iko ukutani sebuleni. Kila nikipita ananitazama.

Niseme ukweli kuhusu Mama Mkwe. Ni mkunga mstaafu. Nyumba tunayoishi ni yake. Chumba hiki cha nyuma ni chake. Mke wangu alipotaka kuzitupa mbao zangu jalalani, ni yeye aliyesema niachwe. Tangu siku hiyo ananiita rubani wangu. Ni mtu pekee katika nyumba hii ambaye hajawahi kunicheka, na ndiye niliyemwibia sandukuni.

Ili nafsi itulie kidogo, nimeandika ubavuni mwa ndege kwa rangi nyeupe: MKUNGA. Amekuja kuona. Amefuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema Jumapili, siku ya wageni klabuni, atakuja aione ikiruka.

Chakula hakikupita.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Balaa! Asubuhi tukiwa kwenye chai, Mama Mkwe ametoka chumbani kwake na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani ameona kitambaa chake cha ndege.

Chai ilinipalia. Ikatokea puani. Kitambaa cha ndege! Nikajua nimekwisha. Mke wangu ananipiga mgongoni, mimi naitazama meza naisubiri hukumu.

Hukumu haikuja. Mke wangu aliuliza kitambaa gani. Mama akasema kile cha ndege, cha sandukuni, anataka akishone haraka akivae Jumapili. Nikapata pumzi. Hajui! Lakini mbona anakiita cha ndege? Nakijua kitambaa kile sentimita kwa sentimita. Kina maua. Hakina ndege hata mmoja, hata kunguru. Labda ni umri. Labda ameanza kuchanganya mambo, na hata akikiona hatakitambua. Wazo hilo lilinipa nguvu kwa dakika mbili.

Kisha akanigeukia. "Rubani wangu, siku ile uliponitolea blanketi hukukiona?"

Nikasema sikuona kitu, ila nondo, wale wadudu wanaokula nguo. Akauliza wangapi. Nikasema wengi sana. Akauliza kama nondo wanaweza kula kitambaa wakamaliza na karatasi yake. Nikasema siku hizi wanaweza.

Mke wangu anafanya kazi duka la dawa. Jioni amerudi na mfuko mzima wa dawa ya nondo, ametia kila kabati, kila droo, kila mfuko wa koti. Nyumba inanuka mpaka machozi yanatoka. Angalau sasa nikitokwa na machozi hakuna anayeniuliza kitu.

Mama amekaa sebuleni, sanduku wazi mbele yake, anatoa kitu kimoja kimoja na kukikunja upya. Nimemwonea huruma. Nimejihurumia mimi zaidi. Akinifukuza nitakwenda wapi na ndege yenye mabawa ya mita moja na nusu?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jana nimeihamishia ndege kwenye duka langu la fremu, mbali na macho ya Mama. Leo imeonwa na macho mabaya zaidi. Kipimo amekuja.

Kipimo ni katibu wa klabu. Kazi yake ni kupima ardhi, lakini jina tulimpa kwa sababu anapima kila kitu, hata nyasi za uwanjani. Yeye na mimi tunatumia chaneli moja, namba sita. Ni mkosi. Rimoti mbili zikiwashwa pamoja kwenye chaneli moja, ndege iliyo juu inapokea amri za watu wawili na kuanguka. Kwa hiyo klabuni kuna ubao wenye vibanio vya nguo, kila kimoja na namba yake. Ukitaka kurusha unachukua kibanio cha chaneli yako, unajibana nacho kifuani. Usipokikuta ubaoni, huwashi rimoti, hata kama umekuja na mwaliko. Maana yake, nikirusha mimi, Kipimo anakaa. Akirusha yeye, nakaa mimi. Miezi sita nimejifunza kwa ndege ya klabu, na miezi sita amekuwa akitazama saa.

Ameiinamia ndege yangu. Ameinusa. Ameuliza rangi gani hii. Nikasema ya mageti, haishiki kutu. Akatabasamu. Kipimo akitabasamu ujue kuna mtu anaumia.

Akanieleza taratibu, kwa raha zake. Injini zetu zinakunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Mengine hayaungui. Yanatoka kwenye bomba la moshi, yanaruka nyuma, yanalowesha bawa la kulia tangu mwanzo mpaka mwisho. Rangi ya kawaida haiyawezi. Bila vanishi maalumu juu yake, ikimaliza tangi moja itarudi uchi. Akasema itakuwa burudani nzuri kwa wageni. Akaniachia kichupa cha mafuta nijionee.

Alipoondoka nimefunga mlango na kujionea. Tone moja, chini ya bawa. Nimehesabu mpaka ishirini. Nimefuta kwa kidole.

Ua jekundu! Ukubwa wa kifungo cha shati, linang'aa.

Nimekaa chini sakafuni, kati ya vioo. Siku zote nimekuwa nikiogopa ndege isianguke, maana ikianguka bawa litachanika na hariri itaonekana. Kumbe isipoanguka ni mbaya zaidi. Ikianguka nimekwisha, ikiruka vizuri nimekwisha mbele ya umati.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya majaribio. Yote yameshindwa. Nayaandika kama yalivyofuatana.

Vanishi maalumu: hakuna, labda baada ya wiki mbili. Vanishi yangu ya fremu: nimeijaribu kwenye mkia. Rangi imekunjamana yote, ikabidi nikwangue na kupaka upya, na lile ua chini ya bawa nikalifunika tena.

Kumzuia Mama asije: nimemwambia uwanja una jua kali, vumbi, na hauna choo cha maana. Akaniuliza kwa upole kama najua amezalisha wangapi mahali pasipo na paa. Sikujua. Akaniambia.

Kuugua: nimekohoa tangu saa sita. Mke wangu ameleta dawa chungu ya kikohozi na kusimama mbele yangu mpaka nimalize kijiko. Nikahamisha ugonjwa tumboni. Kosa! Tumbo ni eneo la Mama. Amenilaza kwenye kochi, amenibonyeza hapa na pale kwa vidole vile vyake vya baridi, kisha akatangaza kwamba hakuna ugonjwa, huo ni woga wa uzazi wa kwanza, utatoka pamoja na mtoto.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa. Kutoka ukutani marehemu akanitazama.

Lakini nikiwa bado nimelala pale, wazo likanijia. Siwezi kurusha bila kibanio. Hakuna mtu awezaye kurusha bila kibanio! Kibanio namba sita kikipotea, chaneli sita imekufa. Na Kipimo naye atakaa chini. Nimeinuka nimepona. Mama amesema ameona hivyo mara nyingi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekiiba.

Ilikuwa siku ya ukaguzi wa ndege mpya. Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno, ndiye pia mwalimu wa wanaoanza. Ameikagua Mkunga kila upande, ameminya, ametikisa, akasema safi kabisa, kesho inaruka. Anasema kila kitu kwa sauti ileile ya kazini. Ukimsikia unajikuta umefungua mdomo.

Kipimo alipoinama kupima upana wa njia ya kurukia, nikapita ubaoni. Mkono mmoja. Kibanio kikaingia kwenye soksi. Kimenibana kifundo cha mguu saa nzima, na nimetembea nacho nikitabasamu.

Kisha kelele. Kipimo anataka kurusha, kibanio hakuna! Amepuliza filimbi. Amezima uwanja mzima. Amepekua mifuko ya watu, masanduku, mpaka chupa ya chai ya Mwenyekiti. Alipofika kwangu alinitazama muda mrefu. Nikageuza mifuko yote nje. Ilikuwa na dawa ya nondo tu. Alipiga chafya akaenda kwa mwingine.

Mtu mmoja akauliza kwa nini wasitengeneze kibanio kipya. Jasho likanitoka. Lakini ni Kipimo mwenyewe aliyeniokoa! Akasoma kanuni ya tisa: kibanio kilichopotea hakibadilishwi mpaka kipatikane, kwa sababu kikitengenezwa kipya na cha zamani kiko kwa mtu, wawili watakuwa na haki ya chaneli moja, na ndege itaanguka. Chaneli sita imefungwa. Ameandika kwenye karatasi, amepiga sahihi, ameibandika ubaoni. Nilitaka kumkumbatia.

Nyumbani nimehamisha kibanio kwenye mfuko mdogo wa suruali, nikaivua suruali, nikaoga, nikala sahani mbili. Ni chakula cha kwanza kupita tangu Jumatatu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze asubuhi.

Asubuhi nilimpa Mama habari za kusikitisha kuhusu kibanio. Akasema pole mwanangu, twende hivyohivyo, angalau nione za wenzako. Amevaa gauni lake la kijani, kwa kuwa lile la ndege, alisema, halikupatikana. Nikabeba Mkunga kwa ajili ya maonyesho tu. Nilikuwa napiga mluzi.

Uwanjani wageni wamekaa kwenye mabenchi, Mama na mke wangu mbele kabisa. Kipimo, kofia nyeupe kichwani, akasimama mbele ya ubao na kuwaeleza wageni utaratibu wa vibanio, kisha kwa uchungu akawaeleza kwamba namba sita kimepotea.

Mama akasimama.

Kwenye bega lake, akishikiza mtandio, kulikuwa na kibanio. Akakitoa. Akasema kwa furaha, kila mtu akisikia, kwamba jana alipokuwa akifua suruali ya rubani wake alikikuta mfukoni. Akadhani ni cha kamba ya nguo. Akakitumia kuanikia suruali ileile. Leo asubuhi mtandio ulipokuwa unateleza, akakichukua. Na sasa tu, kuona ubao, ndipo amegundua kina namba.

Akanikabidhi mbele ya watu wote. Wakampigia makofi.

Kipimo hakupiga. Alitoa kalamu akaandika kitu. Nikasema nilikibeba kwa mazoea tu, nikasahau. Mwenyekiti akasema hayo hutokea, hayana maumivu, haya, tuiandae.

Wakati wanatia mafuta nikatazama kushoto. Mwisho wa uwanja kuna bwawa lenye matete. Na hapo nikapata mpango wa mwisho kabisa: kuizamisha. Miezi yangu minane, ndani ya bwawa, pamoja na ushahidi. Samaki hawana mama mkwe. Niliamua.

Mwenyekiti akaunganisha rimoti yangu na yake kwa waya wa mwalimu. Anashikilia kitufe, ndege ni yangu. Akiachia, ndege ni yake. "Legeza mkono," akaniambia, "hutasikia kitu."

Injini ikawaka. Mkunga ikakimbia kwenye nyasi, ikaruka.

Lazima niandike hili pia. Kwa muda kidogo nilisahau kila kitu. Ilikuwa juu, imetulia, inanguruma, na niliitengeneza mimi kwa mikono yangu. Kulia kwangu, kwenye mabenchi, Mama alipiga kigelegele.

Kisha tone la kwanza likaanguka kwenye kofia ya Kipimo. Bluu. Akatazama juu akidhani ni ndege. Na kweli ilikuwa ndege.

Nikasukuma kijiti, pua chini, kuelekea bwawani. Mwenyekiti akaachia kitufe, akainyanyua, akanirudishia. Taratibu, akasema. Nikasukuma tena. Akainyanyua tena. Akasema hajawahi kuona mwanafunzi mwenye mkono mzito hivi. Matone yakazidi. Mgeni mmoja akafungua mwavuli.

Mara ya tatu nikangoja igeuke, ikawa inakuja upande wetu. Bwawa liko kushoto. Nikapeleka kijiti kushoto, chote, mpaka mwisho. Kila anayeanza hufundishwa siku ya kwanza kwamba ndege ikija kukuelekea, kushoto kwako ni kulia kwake na kulia kwako ni kushoto kwake. Nimelijua hilo miezi sita. Nimelikariri bafuni.

Mkunga ikageukia kulia kwangu. Kwenye mabenchi ya wageni!

Watu walilala chini. Kipimo alilala wa kwanza. Mabenchi yaliangushwa, miavuli iliachwa. Mama peke yake hakulala. Alibaki ameketi, uso juu, mikono mapajani, ikija moja kwa moja kichwani kwake. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, mke wangu anasema nilisema nisamehe. Mwenyekiti akaachia kitufe. Mkunga ikapita juu ya mtandio wake kwa urefu wa mkono mmoja, ikapanda, ikazunguka, naye akaitua kwenye nyasi kama anayeweka yai.

Ikajisogeza yenyewe, polepole, ikasimama mbele ya miguu ya Mama.

Bawa la kulia lilikuwa uchi. Maua yote yalikuwa nje, mekundu, yamelowa, yanang'aa kuliko siku nilipoyaona sandukuni. Mama akainama. Akaweka kiganja juu yake.

"Hiki ni kitambaa changu cha ndege," akasema.

Wageni wakacheka na kupiga makofi. Kweli mama, wakasema, cha ndege kabisa! Hata Mwenyekiti alicheka. Mama hakucheka.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nyumba imekufa ganzi.

Jana tulirudi nyumbani. Mama aliingia chumbani, akafunga mlango. Mke wangu alisema sentensi moja tu, kwamba anaona aibu kunijua, kisha akautoa mto wangu nje akauweka chumba cha nyuma, juu ya meza ya ndege.

Leo sikufungua duka. Nimepanga vifaa vyangu kwenye masanduku ili nikiambiwa nitoke nisichelewe. Nimeandika barua tatu za kuomba radhi. Ya kwanza niliwataja nondo. Nimeichana. Ya pili nilimtaja Kipimo. Nimeichana. Ya tatu haina mtu mwingine ndani yake ila mimi, ni fupi mno, na sina ujasiri wa kuipitisha chini ya mlango.

Nilipita sebuleni kuchukua maji. Marehemu ananitazama. Nimemwambia najua.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Ameniita.

Nimekaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa mtulivu, na hilo liliniogopesha kuliko kelele. Akaniuliza kama nimejiuliza kwa nini anakiita cha ndege. Nikasema nilidhani ni umri. Bora ningenyamaza.

Akanieleza. Mume wake alikuwa dereva wa lori. Maisha yake yote yalikuwa ya barabarani, na alikuwa akimwambia kwamba siku akistaafu, yeye na mkewe watapanda ndege. Mara moja tu. Popote, hata kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Akamnunulia hariri ile akamwambia hiki ni cha ndege, usikishone mpaka siku ya safari. Alifariki miezi minne kabla ya kustaafu. Mama hakukishona. Alikuwa akikitoa mara moja kwa mwaka na kukikunja upya, ili mikunjo isikate uzi. Jumapili, kwa kuwa kungekuwa na ndege angalau ya rimoti, na imeandikwa jina la kazi yake, akaona wacha akivae.

Nimelia. Naandika kwa sababu ni kweli.

Akaniuliza vilivyobaki viko wapi. Jamani! Nikainuka, nikaitoa picha ukutani, nikang'oa misumari midogo ya fremu mbele ya macho yake. Nilipofungua ubao wa nyuma, vipande vikamwagika mapajani mwake. Akavitazama. Akaichukua picha, akamtazama mumewe usoni.

"Na wewe umekaa nacho mgongoni siku zote hizi, ukanyamaza?"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kifua, mke wangu akaja mbio kutoka jikoni. Akafuta macho, akasema basi, kimepanda ndege. Yeye alibaki chini, lakini kimepanda, na alikiona kikipita.

Nikauliza kama nimesamehewa. Akasema hapana. Akatoa hukumu yake palepale: rangi yote iliyobaki itolewe, maua yaonekane mabawa yote mawili. Na kibanio namba sita ni chake. Anataka afundishwe.

Mke wangu naye akatoa yake. Kuanzia leo nisiguse kitambaa chochote katika nyumba hii, hata cha kufutia vumbi, bila kuuliza. Akanifanya nirudie maneno hayo mara mbili. Mto umerudi kitandani, upande wa ukutani.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mama amerusha. Mwenyekiti ameshikilia kitufe dakika tano, kisha akasahau kukiangalia kabisa. Amesema hajaona mikono ya namna hiyo, haikazi, haivuti, inangoja. Mama akasema ni kichwa cha mtoto tu, ukilazimisha umeharibu. Maua mekundu yalipita juu yetu mara kumi, na kila mara alicheka. Ndege ikija upande wake hakukosea kushoto na kulia hata mara moja.

Kipimo, ambaye sasa harushi kabisa kwa kuwa kibanio kiko kwenye mtandio, alimbebea sanduku la vifaa mpaka benchi. Alimwita Mama Rubani. Kofia yake bado ina madoa.

Mimi nilibeba mafuta.

Sikuwa na kinyongo. Nilikaa nyuma, nikafikiri kwa makini juu ya mambo yote yaliyonipata, hatua kwa hatua, kama mtu mzima. Nimepata somo. Nimelikubali. Kosa lilikuwa rangi. Ukiwa na vanishi maalumu tangu mwanzo, hakuna lolote kati ya haya linalotokea. Nimeshaagiza, inafika wiki ijayo.

Ndege ya pili itakuwa kubwa zaidi. Mita mbili na nusu. Chaneli nyingine, yangu peke yangu. Fremu ya bawa nimeshaichora.

Mchana mke wangu alinituma kabatini nikamtolee shuka. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya mablanketi, kuna kasha la kadibodi. Shela lake la harusi. Hariri tupu. Jeupe, jepesi, halijaguswa miaka tisa, linazeeka bure mle ndani na dawa ya nondo.

Aliyoyasema Jumanne nayakumbuka neno kwa neno. Alisema kitambaa. Shela si kitambaa, shela ni vazi.

Nimeshalipima. Linatosha mabawa yote mawili, na la mkia linabaki.